Maji Yetu Yanapoza Friji

Dereva wa lori la maji alikuwa Dishon.

Kavindu alifumba macho, akayafumbua. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa yule yule, mume wake wa ndoa ya kanisani, na kofia ile ya kijani aliyomnunulia yeye mwenyewe soko la Muthurwa. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umening'inia dirishani, anangoja askari amfungulie lango la nyuma la Friji.

Ikiwa leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana na mama huyu, jua hivi. Kavindu ni dobi wa Tassia, mtaa wa Nairobi. Yeye na wenzake walikuwa wakifulia watu wa maploti, yale majumba ya kupanga, na kuanika nguo kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, hadi kampuni moja ilipokuja, ikazungushia nusu ya uwanja ukuta, ikainua jumba refu lisilo na madirisha. Watu waliambiwa ni kituo cha data. Waliambiwa ndani yake kuna kompyuta zinazoweka picha, video na siri za watu wa mbali, na kwamba kompyuta hizo huchemka zisipopozwa usiku na mchana. Watoto wakaliita Friji. Jina likashika.

Friji lilileta mvumo usiokoma. Lilileta moshi wa majenereta kila stima ilipopotea. Ajira walizoahidiwa vijana ziliishia kwenye kukata nyasi. Kisha kisima ambacho wakazi walikuwa wamechimba kwa mchango wao kikanyamaza, na mwenyekiti wa wakazi, Mzee Ndete, akatangaza kwamba pampu imeungua. Watu wakarudi kununua maji ya mikokoteni, maji ambayo hakuna aliyejua yamechotwa mtaro gani. Wakaanza kuugua. Wakati huohuo, malori ya maji yakawa yanaingia Friji kila siku, yamejaa. Wanawake wakamchagua Kavindu awasemee, naye akaapa mbele yao kwamba atamtafuta anayelilisha Friji maji na atamtaja, awe nani.

Sasa alikuwa amempata.

"Baba Mumo!"

Dishon aligeuka. Uso ukamshuka.

"Mama Mumo. Unafanya nini huku?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Simenti uliyoniambia unabeba Athi River ndiyo hii inayodondoka chini ya lori?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Leo nimejifuta uso kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa, Dishon! Na wewe umekalia tangi zima."

Hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina lake. Dishon alilisikia hilo kuliko makelele yote.

"Kazi ya simenti iliisha kitambo," alisema. "Nimezunguka Industrial Area yote nikitafuta nyingine. Nilikosa. Nikaogopa kukwambia. Halafu mtu fulani akanipa hili lori."

"Mtu gani?"

Dishon akageukia lango.

"Maji mnachota wapi?"

"Enda nyumbani. Tutaongea jioni."

Kavindu hakwenda nyumbani. Alizunguka upande wa pili wa lori, akafungua mlango, akapanda na kuketi.

"Mwaga hayo uliyobeba. Kisha unipeleke unakojaza."

"Mama Mumo, huwezi kuonekana humu."

"Nitaonekana."

Askari akafungua lango. Lori likaingia, likanywesha matangi ya Friji, likatoka na mama wa watu ameketi mbele, leso kichwani, mdomo umefungwa.

Kavindu alitarajia safari. Alidhani wataelekea Ruai, au Kitengela, au mahali pengine pa mbali ambapo maji ya watu wengine huibwa. Lori lilikata kona moja, likakata nyingine, likarudi Tassia. Likapunguza mwendo nyuma ya ploti ya ghorofa nyingi na kuingia uani.

Uani pale Kavindu alipajua. Alikuwa amekatwa kucha na kupambwa nywele pale siku ya arusi yake. Palikuwa kwa Mzee Ndete.

Na kabla hajashuka, akaisikia pampu.

Pampu ya kisima chao ilikuwa na mlio wake. Ilikwaruza kwanza, kama mtu anayesafisha koo, ndipo ivute. Muda huu wote waliambiwa imeungua. Sasa ilikuwa inakwaruza upande wa pili wa ukuta, ndani ya kibanda ambacho ufunguo wake alikuwa nao Ndete, nzima kabisa, na bomba nene jeusi lilikuwa limepenya chini ya ukuta huo na kuchomoza uani. Dishon alishuka, akaliunganisha na lori bila kumtazama mkewe. Mikono yake ilifanya kazi ile kwa wepesi wa mtu aliyeizoea.

"Binti yangu!" Mzee Ndete alitoka mlango wa nyuma akiwa na kikombe cha chai. "Mbona hukusema unakuja? Lete kiti hapo, dereva. Mke wako asimame?"

Huyu mzee ndiye aliyewasimamia arusi. Ndiye aliyewafundisha, wiki nzima, jinsi mume na mke wanavyopaswa kuambiana ukweli.

"Mzee, pampu imepona?"

"Inajaribiwa."

"Inajaribiwa kwenye lori la Friji?"

Ndete alikunywa chai yake. Hakuwa na haraka.

"Kavindu, wale watu wangepata maji tu. Kwangu, kwako, kwa yeyote. Ni afadhali yatoke kwa mwenyeji."

"Mtoto wa Asenath, Muhonja, amelazwa. Daktari anasema ni kipindupindu. Alikunywa maji ya mkokoteni kwa sababu wewe ulituambia pampu imeungua!"

"Nimemwombea."

"Nitakutaja. Leo hii, kabla jua halijatua."

"Nitaje." Mzee aliweka kikombe juu ya ukuta. "Lakini fikiri kidogo. Nani amewahi kuniona nikiendesha lori? Nani amewahi kuniona langoni kwa Friji? Watu watauliza maji yao yalikuwa yanabebwa na nani, na hilo jibu linalala kitandani kwako." Akamgeukia Dishon. "Ama nimesema uongo, dereva?"

Dishon akainama kulikaza bomba.

Kavindu alitoka uani pale nusu akitembea nusu akikimbia. Alikuwa anawaza maneno. Aanze na pampu au aanze na bomba? Aanze na Ndete au aanze na mumewe? Alipofika kwenye mifereji ya kisima, mbali na kibanda cha pampu, ambako wanawake hukaa na mitungi mitupu wakingoja muujiza, hakukuwa na haja ya kuanza na chochote. Simu zilikuwa nje. Kila mtu alikuwa anatazama kitu kimoja.

"Wifi," Asenath alisema. "Njoo uone sinema."

Asenath alikuwa akifua beseni moja na Kavindu tangu wote wawili walipokuwa wageni Tassia. Kwao na kwa kina Dishon ni kijiji kimoja huko magharibi, ndiyo maana alimwita Kavindu wifi. Siku hiyo alikuwa ametoka hospitalini mara moja kuchukua nguo za mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu, na neno wifi lilitoka mdomoni mwake bila undugu wowote.

Kwenye simu, lori la maji lilikuwa linatoka lango la Friji. Dishon alikuwa kwenye usukani. Kando yake, leso kichwani, ametulia kama abiria aliyelipa nauli, alikuwa Kavindu.

"Nani amepiga hii?"

"Hilo ndilo swali lako?" Asenath aliuliza. "Katika maswali yote?"

"Nisikilizeni. Nilipanda ili nione wanakochota. Ni kwa Mzee Ndete! Pampu haijaungua, nimeisikia kwa masikio yangu. Bomba limepita chini ya ukuta."

"Mzee Ndete ndiye ametutumia hiyo video," mama mmoja alisema kutoka nyuma. "Ameandika kwamba moyo wake unavuja damu."

"Basi twendeni kwake! Sasa hivi! Mkikosa bomba, nifanyeni mnachotaka."

Walikwenda. Walikwenda wote, kwa hasira, mitungi ikigongana. Vijana waliokuwa wameketi kwenye ukuta wa duka wakawafuata wakipiga mbinja.

Mzee Ndete aliwafungulia lango yeye mwenyewe, na kulifungua wazi kabisa.

Lori halikuwepo. Pampu ilikuwa kimya. Pale bomba lilipokuwa limechomoza palikuwa pamepangwa magunia ya makaa. Kavindu aliruka akavuta gunia la juu, likapasuka, makaa yakamwagika miguuni pake.

"Msaidieni," mzee alisema kwa upole. "Ondoeni yote, wanangu. Sitaki mtu aondoke hapa na shaka."

Vijana wakaondoa. Chini hakukuwa na bomba. Kulikuwa na udongo tu, umelowa chapachapa.

"Kumelowa!" Kavindu alipiga kelele. "Mnaona? Kumelowa!"

"Nilimwagilia vumbi," Ndete alisema.

"Kwa maji gani, na pampu imeungua?"

Swali lile lilikuwa zuri, labda ndilo lililokuwa swali zuri kuliko yote siku hiyo, lakini lilimtoka wakati ambapo hakuna tena aliyekuwa anataka kumsikia.

"Mathe, unatubeba ufala, unatuona wajinga," kijana mmoja alisema. "Unakula na Friji halafu unakuja kutupandisha mori."

"Asenath." Kavindu alimshika mkono. "Wewe unanijua."

"Mtoto wangu ana sindano mkononi," Asenath alisema. "Hana hata nguvu ya kulia. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Na wewe ulikuwa unatuongoza langoni tukapige kelele, tukimaliza unarudi nyumbani kumpikia mwizi wetu."

"Sikujua! Naapa sikuju—"

Kofi lilimkuta katikati ya neno.

Kavindu hakulirudisha. Aliweka kiganja shavuni, kikaacha alama nyeusi ya makaa.

"Usiniite wifi tena," Asenath alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akimwita hivyo miaka yote.

Jioni ile Kavindu alikuta mabeseni yake ya kufulia yametupwa mtaroni. Mlangoni mwake mtu alikuwa amemwaga taka. Watoto wa ploti, ambao alikuwa akiwapa vipande vya sabuni wacheze navyo, walikaa ngazini wakaimba, "Mama Friji! Mama Friji!" hadi mama zao walipowaita wakale. Hakuna mama aliyewaambia wanyamaze.

Dishon alikuwa ndani, ameketi ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Umekula?"

"Rudia hilo swali," Kavindu alisema. "Rudia uone nitakachofanya na hii sufuria."

Hakulirudia.

"Ulijua ni kisima chetu?"

"Mwanzoni sikujua. Mzee aliniambia amechimba chake."

"Na ulipojua?"

Dishon alifikiri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwangalia mkewe machoni.

"Nilipojua, nilikuwa nimeshazoea."

Kavindu alitamani angedanganywa. Mtu anayedanganya unaweza kumpigia kelele. Mtu anayekwambia amezoea, unamwambia nini?

Akamwambia hivi:

"Ijumaa kuna baraza. Afisa wa mazingira anakuja ukumbini kusikia maoni ya wananchi. Friji wanataka nusu ya uwanja iliyobaki wajenge Friji la pili. La pili, Dishon! Hili moja tu limetukausha koo. Mimi ndiye niliyekuwa niwasemee wanawake. Sasa nikisimama watanizomea, na wale watu watachukua uwanja huku sisi tunakula wenyewe kwa wenyewe. Kwa hivyo utasimama wewe."

"Nikisema nitakuwa nimejifunga mwenyewe."

"Ukinyamaza umenizika mimi."

"Ndete ana watu, Mama Mumo."

"Na mimi nina nani? Mumo akija likizo kutoka shule atanikuta nikiitwa nani huko nje? Umewasikia?"

Watoto wa ngazini walikuwa wamenyamaza kwa ajili ya chakula. Kilichosikika ni mvumo wa Friji tu, ule uliokuwa ukiingia hadi kwenye meno ya mtu akilala.

"Nitasema," Dishon alisema.

"Apa."

"Nitasema, nimekwambia! Nitamtaja yeye, nitajitaja mimi. Niache sasa."

Siku iliyofuata Kavindu alipika uji, akautia kwenye chupa, akaenda hospitalini. Asenath alimkuta kwenye mlango wa wadi, akauziba mlango ule kwa mwili wake wote.

"Sikuja kuingia," Kavindu alisema. "Muhonja anaendeleaje?"

"Rudi na uji wako."

"Njoo barazani Ijumaa. Dishon atasema mwenyewe maji yalikuwa yanatoka wapi na ni nani alikuwa akiyauza."

Nyuma ya Asenath mtoto alikohoa, naye akageuza kichwa haraka, akasikiliza, akarudisha macho.

"Nitakuja," alisema. "Lakini si kwa ajili yako."

Uji alirudi nao.

Asubuhi ya Ijumaa Kavindu alimpigia mumewe pasi shati. Alilipiga vizuri, kola na mikono, kwa sababu hakutaka mtu aseme ni mlevi aliyeokotwa njiani. Dishon alikunywa chai bila kumaliza. Walitembea hadi ukumbini bila kushikana na bila kuongea, na watu waliokuwa njiani walisogea pembeni kama wanaopisha maiti.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye madirisha. Ukuta wake wa nyuma umepakana na ukuta wa Friji, na nafasi kati yao haitoshi mtu mnene kupita. Mbele palikuwa na meza. Afisa wa mazingira, mama mtulivu mwenye miwani, aliketi katikati. Upande mmoja aliketi Bwana Muriuki, yule kijana wa suti aliyetumwa na kampuni kila mara kuwatuliza watu. Mzee Ndete alikuwa mstari wa kwanza, fimbo katikati ya magoti.

Muriuki alianza.

"Ndugu zangu, Friji letu... samahani, kituo chetu..."

Watu wakacheka. Si kicheko cha furaha.

"Kituo chetu ni jirani mwema. Kelele zake zimepimwa, ziko ndani ya kiwango."

"Njoo ulale kwangu!" mama mmoja akapaza sauti. "Ulale wiki moja na huyo mkeo, halafu uje utuambie kiwango!"

"Tutaweka mabomba ya maji ya bure kwa wakazi."

"Maji yepi? Yetu mliyotunyang'anya?"

"Kuhusu maji," Muriuki alisema, na hapo akatabasamu, "sisi tunanunua kwa mtu anayetuletea. Hatuwezi kujua kila mtu anachota wapi. Nimesikia aliyekuwa anatuletea yuko humu ndani."

Vichwa vikageuka vyote pamoja.

Kavindu alisimama. Mzomeo ulianza nyuma, ukaja mbele kama maji yanayofunguliwa. Alingoja. Afisa akagonga meza.

"Sina maneno mengi," Kavindu alisema. "Mume wangu ndiye mwenye maneno."

Akamsukuma Dishon mbele, wakasimama pamoja kando ya meza. Afisa akampa kipaza sauti. Karibu na mlango, Asenath alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani.

"Mimi ni dereva," Dishon alisema. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima. "Nimekuwa nikipeleka maji Friji. Yalikuwa yanatoka kisima chetu. Pampu haikuungua."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alirusha chupa tupu, ikampita. Kavindu alihisi pumzi ikiingia kifuani hadi chini kabisa, pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu siku ile ya lango. Sasa, aliwaza. Sasa, mtaje.

"Sikupanga mimi," Dishon aliendelea. "Mimi nilitumwa tu. Aliyepanga..."

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Aliyepanga ni mke wangu. Yeye ndiye aliyenionyesha pa kupitisha bomba. Mzee Ndete hajui lolote."

Hivyo tu. Kwa shati lile alilompigia pasi.

Kavindu alimgeukia afisa ili ajitetee.

"Mheshimiwa afisa," Muriuki alikuwa amesimama tayari, "umesikia. Malalamiko yote dhidi yetu yaliletwa na mama huyu. Kumbe alikuwa mfanyabiashara anayegombea bei. Ninaomba yatupwe yote, tuendelee na mambo ya ujenzi."

Na afisa, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alianza kuvikusanya vitu vyake pamoja kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mtoeni nje!" vijana wa madirishani walipiga kelele. "Mtoeni tumalizane naye! Wote wawili!"

Mmoja alikuwa na jiwe. Kavindu aliliona vizuri, jiwe la mjengo, lina simenti upande mmoja.

Kisha mlango ukafungwa kwa kishindo.

Asenath alikuwa ameusukuma, ameutia komeo, na sasa ameuegemea kwa mgongo.

"Hakuna anayetoka," alisema. "Wala hakuna anayeingia. Kaka Dishon."

Ukumbi ulinyamaza kidogo, kwa sababu kila mtu alimjua mama wa mtoto aliyelazwa.

"Kaka, mama yako alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikimtazama Muhonja pale kitandani, namwona na mama yako. Kwa hivyo nataka urudie hayo uliyosema. Yarudie yote. Lakini mara hii usimwangalie Mzee Ndete. Niangalie mimi."

Hapo ndipo watu walipotambua. Tangu ashike kipaza sauti, Dishon hakuwa ameondoa macho mstari wa kwanza.

Mzee Ndete aliinuka, akaokota fimbo yake.

"Mimi ni mtu wa kumeza dawa," alisema. "Sina afya ya kufungiwa ndani. Nifungulie, mama."

"Keti, Mzee."

"Nifungulie!"

"Kaka," Asenath alisema, bila kumjali. "Nangoja."

Dishon alimwangalia. Alimwangalia kweli. Akainua kipaza sauti.

Stima ikapotea.

Feni za darini zikapunguza mwendo, zikasimama. Kipaza sauti kikafa mkononi. Watu waligumia, kwa kuwa walijua kinachofuata, na kikafuata. Nyuma ya ukuta jenereta la kwanza likakohoa na kuwaka, likafuatwa na la pili, kisha yakanguruma yote kwa pamoja, hadi vioo vikatikisika na vumbi likaanza kudondoka kutoka darini. Moshi ukapenya madirishani. Friji haliruhusiwi kupoteza baridi hata kidogo.

Watu walikuwa wanapiga kelele, lakini ilikuwa kama kutazama picha. Vinywa vilifunguka na kufungwa. Afisa aliziba masikio.

Na Dishon alikuwa anasema.

Midomo yake ilikuwa inatembea, haraka, machozi yakimwingia mdomoni. Hakuna aliyemsikia. Asenath kule mlangoni alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio, akitikisa kichwa. Aliyesikia ni mmoja tu, aliyekuwa amesimama kando yake, bega kwa bega.

"Nimedanganya, Mama Mumo," Dishon alikuwa akimwambia. "Ni Ndete. Ni mimi na Ndete. Jana aliniita, akaniambia nikikutaja wewe mimi nitaachwa, na wewe watakufukuza tu mtaani, hawatakugusa. Nikamwamini. Waambie. Waambie wewe, mimi sauti yangu haifiki. Siwezi tena."

Hata kuungama alikuwa anamwachia yeye.

Kavindu aliwatazama watu. Wote walikuwa wamemgeukia. Walikuwa wameona kwamba dereva amesema, na kwamba mkewe amesikia. Mama mmoja mstari wa mbele aliunda maneno kwa midomo, polepole, ili yasomeke: Amesema nini?

Ndete alikuwa ameufikia mlango, ameshika bega la Asenath kwa mkono mmoja na komeo kwa mwingine. Vijana walikuwa wanaingia kupitia madirishani, na yule mwenye jiwe alikuwa wa kwanza. Macho yake hayakuwa kwa Mzee. Yalikuwa kwa Dishon.

Kavindu akilisema alilosikia, jiwe lile halitamfika Ndete. Litamfikia aliye karibu. Na akinyamaza, uwanja umekwenda, na jina lake, na Muhonja atarudi kutoka hospitalini kuja kunywa maji yale yale.

Dishon alijikunyata nyuma yake, akamshika leso kwa nyuma, kama mtoto.

Kavindu akaivuta leso yake kutoka mikononi mwa mumewe. Akapanda juu ya kiti mahali ambapo ukumbi wote ungemwona, akainua mkono, akajaza kifua hewa ya moshi, na kuelekeza kidole mlangoni, kwa Mzee Ndete.